Leseni ya Kikapu cha Bi Insaf

Umma wa mji wa kati wa Iskandaria, kuanzia Manshiya hadi ukingo wa bahari, ulitangaziwa kwa kipaza sauti kwamba kikapu chochote kinachoteremshwa kwa kamba kutoka roshani ni chombo cha usafiri. Kwa hiyo kilihitaji leseni, taa ya nyuma na dereva mwenye afya njema.

Hatua hiyo haikuepukika. Utafiti wa Kurugenzi ya Usafiri wa Wima ulionyesha kuwa kila asubuhi vikapu mia nne hushuka mitaani bila honi, vikapakia mikate na maharage, vikapanda tena bila kumpisha mtu. Mimi ndiye Msaidizi wa Mkurugenzi. Utafiti niliufanya mwenyewe, nikiwa nimekaa mkahawani, maana ndiko habari zote za mji hupita, hata zile ambazo wenyewe bado hawajazijua.

Mitaa yote ilitii, yaani ilisubiri tupite ndipo ishushe vikapu. Aliyekaidi waziwazi alikuwa mmoja tu: Bi Insaf, mjane wa ghorofa ya tano kwenye lile jengo alilojenga Mtaliano, lenye vichwa vya simba vilivyoliwa pua na chumvi ya bahari. Magoti yake yamekwisha. Lifti yake ilikufa kabla ya mumewe. Mkate, dawa ya presha, hata umbea, vyote humfikia kwa kikapu.

"Bi Insaf!" Mkurugenzi wetu, Mhandisi Shukri, alimwita kutoka chini mbele ya wapiga picha. "Teremsha chombo, kimekamatwa!"

"Njoo ukichukue mwenyewe, mwanangu! Sasa hivi kina bamia."

"Pasha, usipande," alisema Ami Barsum, muuza maharage. "Ngazi zile zimetoboka, ukisimama juu unaona mpaka chini."

"Serikali haiogopi ngazi!"

Akapanda. Alipofika juu na kushika mpini wa kikapu, ngazi zote kati ya ghorofa ya nne na ya tano zilijiuzulu kwa pamoja. Hakuumia mtu. Kwa lugha ya ofisi, mawasiliano ya nchi kavu yalikatika.

Gari la zimamoto lilikuja likaishia kona. Mtaa ulikuwa umeshajaa, watu wameleta viti kutoka nyumbani, na hakuna aliyekubali kupoteza nafasi yake.

Alasiri Mkurugenzi alijitokeza roshani, uso umemshuka.

"Leteni chakula!"

"Kwa njia gani, bwana mkubwa?" niliuliza.

"Kwa kikapu, wewe!"

"Kimekamatwa, bwana mkubwa. Umekishika hapo."

"Kwanza kina taa ya nyuma?" aliuliza Ami Barsum.

"Na dereva kapimwa macho?" ilidakia sauti ya mama mmoja kutoka viti vya mbele.

Bi Insaf alimsukuma Mkurugenzi pembeni kwa kiwiko. "Shukri, andika leseni. Tena ya mtaa mzima, usinifanyie mimi peke yangu kama hongo. Dawa yangu ya jioni iko huko chini, na wewe umeshanimalizia bamia."

Aliandika nyuma ya karatasi ya kalenda: vikapu vyote vya mji wa kati, milele, bila taa. Leseni ilishuka ndani ya kikapu chenyewe, nami nikaipiga muhuri juu ya mgongo wa Ami Barsum. Kikapu kilipanda na dawa kwanza, kwa amri ya Bi Insaf. Mkate na maharage vilifuata.

Mkurugenzi aliposhiba, akakumbuka kushuka.

"Ngazi ni usafiri wa wima! Ziko chini yangu!" alipiga kelele kwa furaha. "Jengo hili lazima lina faili la matengenezo. Nileteeni, nilitie sahihi sasa hivi!"

Faili lilikuwepo. Bi Insaf alikuwa ameomba ngazi zitengenezwe miaka sita mfululizo, na mara zote jibu lilikuwa lile lile. Kanuni zinataka uamuzi wa zamani usomwe hadharani kabla haujabadilishwa, nami ni mtu wa kanuni. Nikachukua kipaza sauti. Uamuzi ulikuwa mfupi, kwa mwandiko wa Mkurugenzi mwenyewe:

"Hakuna dharura. Wakazi wa juu wana vikapu."