Mazarau Yangu, Point Mbili

Siku ya kwanza, 12 mai

Point mbili! Floribert tisa, miye mbili! Joëlle wa association ya kusaidia bantu benye kuzarauliwa alipita na makaratasi mu avenue yetu hapa Kamalondo, kuuliza kila muntu namna bengine banamuzarau. Mwenye point mingi, batamulipia formation ya soudure, kujifunza kuunga byuma, miezi sita. Nafasi ni moja tu. Soudure! Tangu niliacha masomo ku primaire, sijatamani kazi ingine.

Akaniuliza: balishaka kukufukuza ku banque? Hapana. Ku restaurant? Hapana. Ku bureau ya commune? Hapana. Ni kweli! Siingiaka. Nikiona mulango ya vitre, ya kioo, ninapita kando. Lakini karatasi haina fasi ya kuandika woga. Floribert, tailleur wa nguo, mwenye muguu moja mufupi, anaingiaka popote, basi banamufukuzaka popote. Akanicheka mbele ya bantu: "Petit Chama, hata kuzarauliwa inakushinda!" Muguu mufupi, mudomo murefu.

Siku ya pili, 13 mai

Nimepata akili. Joëlle anakubali kuongeza point mpaka siku ya ine. Basi nitaenda kufukuzwa! Nikavaa biatu ya kupasuka. Banque ya mu ville. Nikatetemeka ku mulango dakika makumi mbili. Sentinelle mwenye kulinda mulango akakuya mbio. Nikafurahi. Akasema: mutoto, uko mugonjwa, ikala. Akaniletea kiti. Na maji! Bantu ya hii muji habana heshima.

Siku ya tatu, 14 mai

Bel-Air, restaurant ya Maman Albertine. Nikaikala meza ya mbele, bila kuomba kintu. Akaniangalia sana. Sasa matusi itatoka, nikawaza. Akasema ninafanana na mutoto wake mwenye kuhamia Zambia. Akalia. Bukari na samaki, bule. Nilikula na hasira. Sahani mbili.

Mangaribi nikamuelezea Floribert yote. Hasira ilikuwa mingi.

Siku ya ine, 15 mai

Nilikuwa ku commune kutafuta matusi. (Banakaribisha hata kule!) Nyuma yangu Joëlle alirudia mu avenue. Maman Clotilde, mujane wa pembeni yetu, ndjo alinielezea. Joëlle alisema maulizo ya kwanza haikuwa ya haki: mujane, kilema na mwenye hakusoma habapitaka njia moja, namna gani utabapima na kipimo moja? Akaleta maulizo ya mupya: ni wapi hauingiaka juu ya woga?

Ile ni ya miye! Point kumi, bila kusema bongo, ukweli mutupu!

Floribert akajibu fasi yangu: "Chama? Ule haogopake kintu. Banque, Bel-Air, bote banamupa kiti." Zéro!

Maman Clotilde akasema: mwanangu, kimbia, Joëlle eko ku bureau yake mpaka saa kumi, umwambie tu ukweli. Nikakimbia. Nikafika. Mulango ya vitre. Nikapita kando.

Siku ya posho, samedi 17 mai

Maman Clotilde ndjo alishinda, na maulizo ya mupya! Siku ya kwanza alijibu "hapana" kwa yote, alizani bantu kumupita mu foleni ni kawaida. Alinikumbatia. Nikamukumbatia na mukono moja tu.

Lakini Alexis, chauffeur wa camion, anasema association itaanza maulizo Mokambo siku ya kwanza yenye kuya. Ku frontière ya Zambia! Kule banatukanaka muntu hata hajafungua kinywa! Niache kuandika, klakson ya camion yake inalia. Lazima nipande sasa juu ya mifuko ya saruji, kabla Alexis hajaniwekea fasi ya muzuri mu cabine.