Prosesa ya Bouazza na Mazabodi ya Hajja

Ijumaa, 3 Mei

Nimeshindwa tena. Mara ya sita mfululizo.

Baada ya kuskusi kwa mama mkwe tulikaa wote mbele ya kompyuta ya shemeji yangu Mekki, tukashindana kuendesha magari ya mchezo. Mimi, mwalimu wa udereva kwa miaka kumi na saba! Gari langu limegonga ukingo, likaingia kwa watazamaji, likamalizia mbio kwenye kibanda cha vinywaji. Mekki, muuza mapazia asiye hata na leseni, ameshinda huku anakula tikiti.

Nikasema kosa si langu, ni la mashine. Kompyuta ni kama punda, humtii mwenyewe. Mekki akajibu kwamba basi niunde ya kwangu, na Ijumaa ijayo tushindane juu yake, nyumbani kwangu. Atakayeshindwa atampeleka mama kwenye chemchemi za maji moto za Moulay Yacoub na kukaa naye huko wiki mbili.

Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Rkia, mke wangu, akanitazama kwa yale macho yake.

Si kwamba simpendi mama mkwe. Lalla Zhor ni mtu wa heri. Ila akipanda gari, mkono mmoja hushika tasbihi na wa pili breki ya mkono. Niliwahi kumpeleka El Jadida, mwendo wa saa moja na nusu. Nilirudi nimekonda.

Jumamosi, 4 Mei

Nimekuwa Derb Ghallef, soko la vifaa vya umeme, tangu asubuhi. Kasha, feni, diski na memori ninavyo, nimevikusanya kimoja kimoja tangu Ramadhani. Nimebakiza viwili tu: prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, na mazabodi, ule ubao mkubwa unaobeba kila kitu.

Nilianzia kwa fundi Jilali, mwenye kibanda nyuma ya wauza betri. Akaniuliza maswali matatu. Nacheza mchezo gani, kwenye kioo gani, na kama nina kadi ya picha. Nikamwambia mbio za magari, televisheni ya sebuleni, na kadi sina. Akanionyesha prosesa ya kawaida yenye uwezo wa kutoa picha humo humo ndani, na ubao wa kawaida wa kwenda nayo.

“Prosesa na mazabodi ni mume na mke, Bwana Bouazza,” akaniambia. “Kwanza uliza kama wanaelewana. Uzuri wa bwana harusi utauangalia baadaye.”

Nikashukuru, nikaondoka. Mimi si mtoto. Muuzaji anayekusukuma kwenye kitu cha bei ndogo ana lake jambo.

Kwenye kichochoro cha tatu nikapata muuzaji mwingine, kijana wa koti zuri, hakuniuliza swali hata moja. Huyo ndiye mtu wa adabu. Alinionyesha namba tu. Prosesa ya Jilali ilikuwa namba tano. Ya huyu, namba tisa. Tisa inaizidi tano, hilo hata wanafunzi wangu wanalijua.

Nimenunua. Fedha zote zimeishia hapo, za mazabodi hakuna. Sina wasiwasi. Ubongo kama huu hauwezi kukosa kichwa.

Rkia aliuliza kuna nini kwenye kiboksi. Nikasema vifaa vya kufundishia alama za barabarani. Akasema mashallah, alama ndogo hivyo.

Jumatatu, 6 Mei

Kichwa kimepatikana!

Hajja Tamou, mwenye shule yetu ya udereva, amekwenda Settat. Mke wa kaka yake, yule mwenye duka la dawa, amejifungua. Atarudi Alhamisi. Ameniachia funguo na kazi moja tu: Alhamisi asubuhi majina ya wanafunzi kumi na wanne wa mtihani yatatumwa, niyachapishe, niwapeleke.

Nikabaki peke yangu na kompyuta ya ofisi. Nikaitazama chini ya meza. Ndani yake kuna mazabodi nzima, inakula umeme wa bure, haifanyi lolote ila kuandika risiti. Ni kama tajiri asiye na warithi.

Mpango: kesho naichomoa. Naijaribu na prosesa yangu. Alhamisi asubuhi nairudisha, nachapisha majina. Alhamisi jioni naichomoa tena. Ijumaa namshinda Mekki. Jumamosi nairudisha moja kwa moja. Huo si wizi. Ni kuazima mara mbili.

Jumanne, 7 Mei

Ee Mola.

Wakati wa chakula cha mchana nilifunga mlango, nikabandika karatasi: Somo la nadharia linaendelea. Nikafungua kasha la ofisi. Vumbi la kutosha kupanda viazi. Nikatoa prosesa ya zamani taratibu, nikaileta yangu.

Haikukaa.

Yangu ina vipini vidogo tumboni, kama brashi. Na mazabodi ya Hajja nayo ina vipini vyake palepale prosesa inapotakiwa kulala. Ndevu kwa ndevu. Nikabonyeza kidogo. Nikabonyeza tena, kwa imani. Ikatoka sauti kama ya kutafuna biskuti ya ufuta.

Vipini vitatu vya prosesa yangu vimelala chali.

Nikarudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Zilibaki skrubu mbili, nikazitia mfukoni. Nikawasha. Feni ikazunguka. Kioo kikabaki cheusi. Nikazima, nikawasha. Nikasoma bismillahi, nikawasha. Cheusi.

Nikakaa sakafuni. Watu kumi na wanne wanasubiri mtihani huo tangu kabla ya Ramadhani. Mmoja ni mama wa miaka hamsini na tano, ameuza bangili zake alipe masomo. Na Hajja ndiye aliyenichukua wakati sina hata koti la kuvaa kwenda kuomba kazi. Hakuniuliza vyeti. Alinipa funguo za gari akasema tuzunguke.

Nyumbani sikula. Rkia akauliza kama ni tumbo. Nikasema ndiyo. Akanichemshia majani machungu ya zaatari, nikayanywa yote, kama adhabu.

Jumatano, 8 Mei

Sikuwa na pengine pa kwenda. Nimeifunga mkanda kompyuta ya ofisi kwenye kiti changu cha mwalimu garini, nikaipeleka Derb Ghallef kwa mwendo wa mazishi. Nikamweleza Jilali kila kitu, hata sauti ya biskuti.

Hakucheka. Kwanza aliwaita majirani zake wawili, kisha wakacheka wote watatu.

Halafu akainama na tochi. Kwanza akaipekua soketi ya mazabodi kwa lenzi, kipini kwa kipini, nami sikupumua. Akasema nimeponea tundu la sindano. Kisha akauliza ule waya mdogo pembeni mwa prosesa kwa nini unaning’inia. Nikasema nilidhani ni wa akiba.

“Ndio unaopeleka umeme kwenye ubongo,” akasema. “Umeupa moyo chakula, kichwa umekinyima. Kitaamkaje?”

Akauchomeka. Akabonyeza. Kioo kikawaka, na ikatokea picha ya mjukuu wa Hajja amevaa tarbushi. Sijawahi kumpenda mtoto wa mtu kiasi kile. Nikakaa juu ya ndoo. Jirani mmoja akanipa chai, akaacha kucheka.

Nikampa Jilali zile skrubu mbili. Akazitia mahali pake.

Ikabaki prosesa yangu. Akavinyoosha vile vipini vitatu kwa ncha ya sindano, nusu saa nzima. Akaijaribu kwenye ubao wa aina yake. Inafanya kazi! Lakini akaniambia kwamba prosesa hii haina picha ndani. Bila kadi, hata ningeipatia mke wa kuelewana nayo, ningetazama kioo cheusi mpaka Idi. Na kadi yake ingenigharimu kuliko televisheni.

Akasema ataichukua hiyo ya tisa, anipe ile ya tano na mazabodi yake, tusidaiane. Tena ubao huo, siku nikijaliwa, utapokea prosesa kubwa zaidi ya ukoo uleule.

Nikamuuliza kama ananiibia. Baada ya dakika nikamuuliza tena.

“Bwana Bouazza,” akasema, “ningetaka kukuibia ningekuibia Jumamosi, ulipokuwa na pesa.”

Hoja ya maana. Aliunganisha mashine yangu mbele ya macho yangu, kwa muda wa glasi mbili za chai.

Alhamisi, 9 Mei

Saa mbili asubuhi majina yakaja. Yakachapika yote kumi na manne, lile la mama wa bangili likiwa juu kabisa. Nikawapeleka. Kumi na mmoja wamefaulu. Mama wa bangili pia, na ameegesha vizuri kuliko mimi.

Nilipumua kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

Hajja akarudi adhuhuri na boksi la keki. Akaketi, akawasha kompyuta. Akainamisha sikio. Moyo ukanishuka hadi kwenye soksi. Akauliza mbona mashine haingurumi tena.

Kumbe Jilali alipuliza vumbi lote. Hapo ndipo pa kusema ukweli. Mdomo niliufungua kwa nia hiyo kabisa.

Nikasema nimeifanyia matengenezo madogo.

Akanitazama kama mama anayemwona mwanawe kwenye televisheni. Akampigia kaka yake Settat papo hapo. “Huyu Bouazza wetu,” nikamsikia anasema, “kumbe miaka yote tumekaa na fundi!”

Keki nimekula tatu.

Ijumaa, 10 Mei

Mbio zimefanyika sebuleni kwangu. Mekki alileta usukani wake wa mchezo chini ya kwapa. Lalla Zhor alipewa kochi lote.

Nikawasha. Picha safi, hakuna kukwamakwama, magari yanang’aa kama yameoshwa. Mekki alitafuta kasoro akaikosa. Hata Rkia alisimama mlangoni na taulo mkononi, akasema alama za barabarani siku hizi zinapendeza.

Nimeshindwa kwa mizunguko miwili.

Safari hii hapakuwa na wa kumsingizia. Nimegonga ukuta mara tano, ukuta uleule. Mekki naye, katika haraka ya kumaliza, amekatiza uwanjani na kuwapitia waamuzi wote. Lakini amefika wa kwanza. Akasimama, akanyoosha mgongo, akaniuliza kwa upole tunaondoka na mama lini.

Nikaona Moulay Yacoub. Nikaona barabara kuu, malori, na mkono wa Lalla Zhor kwenye breki.

Lalla Zhor akaweka tasbihi chini.

“Nimewaona wote wawili,” akasema. “Huyu anafuata ukuta, huyu anakanyaga watu. Nitakwenda kwa treni, na nitakwenda na binti yangu.”

Rkia akasema yuko tayari, begi lake lipo. Hakuuliza ni lini. Nilivyomwona uso, na yeye amepata nafuu yake.

Nikambusu mama mkwe kichwani. Akadhani ni huzuni, akanipa baraka.

Jumapili, 12 Mei

Kaka yake Hajja amepiga simu kutoka Settat. Duka la dawa lina kompyuta sita, zote zinakwenda polepole, na amesikia habari zangu, anataka nikazitengeneze. Nikaona aibu kumkatalia mtu mwenye mtoto mchanga.

Akauliza kama nitakuja na msaidizi. Nikasema wa nini. Akauliza kama nifanye moja kila siku, ili wagonjwa wasikose dawa. Mtu mwema, lakini hajui kazi. Nimemweleza kwamba nitazifungua zote sita kwa pamoja, nipange vipande vyote sakafuni, kisha nichague upya ubongo upi unastahili ubao upi. Bora kwa bora. Akaniomba nirudie, nadhani kwa heshima.

Naondoka kesho alfajiri. Jilali sijamwambia. Fundi mzuri, ila hufikiria mashine moja moja.