Namna ya Kufika Sandlow

Jumatano, 9 Julai 2025. Riyadh

Leo nimefanya kazi safi. Bosi alikuwa ameamua kupeleka familia London likizo hii. London! Velma hayuko London. Velma, mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, yuko Sandlow, mji wa baharini huko huko Uingereza, anapika katika nyumba ya kutunzia wazee. Tangu Desemba hapokei simu ya video. Anaandika tu, "Niko poa, kaka." Basi. Mama kule Vihiga ananiuliza kila wiki mtoto wake ana nini, nami najibu mtandao wa Uingereza ni mbovu. Mtandao wa Uingereza! Jameni. Nataka kumwona kwa macho yangu.

Kwa hivyo nilipokuwa nikiwarudisha watoto wa bosi kutoka kuogelea, niliwaonyesha video za Sandlow. Gari lilikuwa limesimama, mimi si mjinga. Punda wanaobeba watoto mchangani. Daraja refu la chuma linaloingia baharini na kuishia humo humo, halivuki kwenda popote, lakini juu yake kuna bembea na michezo. Vibanda vya mbao vyenye rangi za peremende. Samaki na chipsi ndani ya karatasi, na ndege weupe wanaokunyang'anya ukizubaa. Tulipofika nyumbani Al-Naseem watoto walikuwa wanalilia punda. Madam, mke wa bosi, akashangaa habari za punda wamezitoa wapi. Nikasema labda ni katuni.

Ijumaa, 11 Julai

Sandlow imepita! Bosi amekubali. Lakini mfanyakazi atakayekwenda ni mmoja tu. Mimi au Fridah.

Fridah ndiye anayelea watoto na kupika. Mmeru, mpole, haongei sana, na ndiyo maana namwogopa. Mtu asiyejitetea huwezi kujua amejipangaje.

Nimemweleza bosi jambo moja zito. Uingereza magari hupita kushoto, kama Kenya. Hapa Saudia ni kulia. Yeye akishika usukani kule atakutana na basi kabla ya chai. Mimi nimezaliwa kushoto! Bosi alicheka, akasema atafikiria. Fridah aliponiuliza tulikuwa tunaongea nini, nilimwambia ni mambo ya oili. Nilijisikia vibaya kidogo. Kidogo tu.

Jumatatu, 14 Julai

Aibu. Asubuhi nilikwenda na gari kwenye uwanja mtupu nyuma ya maghala, nifanye mazoezi ya kushoto. Miaka sita ya kulia si mchezo. Nikazunguka, nikapinda, nikajisifu. Mkono ukazoea. Ukazoea mno! Niliporudi nyumbani niliingia barabarani kushoto, nimetulia kabisa, nikishangaa mbona leo Wasaudi wote wamekosea njia. Gari lililosimama pua kwa pua na langu lilikuwa la bosi mwenyewe. Hakupiga honi. Alishusha kioo, akaniuliza taratibu kama niko mzima. Afadhali angefoka.

Jioni ikatangazwa. Fridah anakwenda Sandlow. Mimi nitampeleka Mama Kubwa, mama mzazi wa bosi, kwa binti yake Jeddah. Bosi amesema hata huko kuna bahari.

Nimekaa chumbani natazama picha ya zamani ya Velma. Kama hataki nimwone, labda ana sababu. Halafu nawaza, hapana, mtu anayejificha hivyo ndiye hasa wa kuonwa. Roho inaniuma na sina wa kumwambia, maana wa kumwambia ni Velma mwenyewe.

Alhamisi, 7 Agosti. Jeddah

Bahari ipo kweli. Na jasho! Ukitoka nje miwani inaingia ukungu. Tumefikia mtaa wa Al-Baghdadiyah, na kila alasiri namsukuma Mama Kubwa kwenye kiti chake cha magurudumu hadi Kornishi, barabara ya kando ya bahari. Watu wametandika mazulia, wameshika chupa zao za chai, watoto wanarusha vishada. Punda hakuna. Mama Kubwa hupenda kunyamaza na kutazama maji. Mimi hupenda kuongea. Tunavumiliana.

Fridah ameshafika Sandlow. Anaandika kuna baridi, na chipsi wanazitia siki. Nimemeza kiburi, nikamweleza habari za Velma, nikampa mpango. Velma hafanyi kazi Jumapili. Basi nimemwandikia Madam, kwa heshima zote, kwamba punda wa Sandlow huwa wazuri zaidi Jumapili alasiri, siku nyingine huwa wamechoka. Velma nimemwambia kuna zawadi inakuja kutoka kwangu. Aisubiri pale pale maji yanapoanza, upande wa punda, na avae kitu chekundu. Kwamba Fridah atamwekea simu ya video mbele ya uso, hilo sikumwambia.

Fridah, ambaye huniita kwa jina la mwanangu, ameniuliza, Baba Lewis, kwa nini usimwambie Madam ukweli tu? Nikamjibu kwamba yeye hajui mambo.

Jumapili, 10 Agosti

Tulikuwa Kornishi, Mama Kubwa na kikombe chake cha kahawa, Fridah akaandika kwamba hakuna bahari. Nikamwambia aache mzaha. Akatuma picha. Mchanga, mchanga, mchanga hadi mwisho wa macho! Bahari imeondoka! Kumbe kule maji yakipwa hupwa kwelikweli, yanakwenda zake mbali, halafu hurudi yakijisikia. Nani angeniambia? Vihiga tuna mito, nayo haiendi kutembea. Na hii ya Jeddah kila siku naikuta pale pale nilipoiacha jana.

Velma ni mtiifu tangu utotoni. Ameambiwa asimame maji yanapoanza, basi ameyafuata. Kwenye picha ni kidoa chekundu, kule mbali kwenye matope, hasikii hata akiitwa. Punda walikuwa wanarudishwa kwao. Watoto wanatetemeka. Madam amesema halas, basi, yalla, twende.

Nikamwandikia Fridah amwambie Madam kuna nyangumi. Nikamwandikia ajifanye ameteguka mguu. Mafi, hakuna jibu. Nilijua ndiyo basi tena, nimekaribia hivi na nimemkosa. Nilimwambia Mungu mambo mengi kwa muda mfupi.

Kumbe Fridah alimgeukia Madam akamwambia kwamba yule mwenye nguo nyekundu ni dada yake Elphas, yaani mimi, hawajaonana miaka minane, na kaka yake ana hofu juu yake. Tu! Madam akauliza kwa nini huyu mwanamume hakusema tangu Riyadh. Akawafunga watoto makoti, akasema watasubiri. Wakasubiri hadi Velma akarudi, matope mpaka magotini.

Simu ikaita. Video. Nikamwona.

Amekonda. Nywele fupi, kama za msichana wa bweni. Nikasahau yote niliyopanga kusema. Akasema nisiogope. Alifanyiwa upasuaji Desemba, kulikuwa na uvimbe tumboni, wakautoa, wakamtibu miezi mingi, na sasa daktari anasema hakuna kitu tena. Hakutaka mama aone uso ule. Nikamwuliza nani alikaa naye hospitalini. Akasema manesi walikuwa wazuri. Hapo nililia. Mbele ya Jeddah nzima na mazulia yao. Velma naye akalia, kisha akacheka, akasema ndevu zangu zimekuwa nyeupe kama za baba.

Mama Kubwa aliichukua simu mkononi mwangu, akamtazama Velma, akaanza kumwombea dua ndefu ya Kiarabu. Velma hakuelewa hata neno, lakini kila Mama Kubwa alipovuta pumzi aliitikia amina.

Jumanne, 12 Agosti

Bosi amepiga simu. Hakukasirika. Amesema siku nyingine nikitaka kitu nimwambie, yeye ni binadamu, hang'ati. Nikasema ndiyo bosi, nimeelewa bosi. Velma naye ametoa masharti. Nimwambie mama ukweli, polepole. Na nisimpangie kitu chochote tena maishani. Nikaahidi yote mawili. Mama nimemwambia Velma amekata nywele kwa sababu ya fasheni.

Alasiri Mama Kubwa alilalamika magoti yanamuuma. Sijui nini kilinisukuma. Nilimwambia kwa upole kwamba Uingereza kuna bingwa wa magoti, mwanamke, Mkenya. Wazee wa Sandlow walikuwa hawasimami, sasa wanacheza dansi. Akauliza ni nani huyo. Nikasema ni yule yule wa kwenye simu, aliyeombewa dua. Akampigia bosi hapo hapo, anamtaka huyo bingwa Jeddah haraka. Bosi aliuliza mara mbili bingwa huyo anaitwa nani, halafu akasema atashughulikia viza.

Humu ndani kuna chumba kitupu chenye dirisha zuri. Nimeshakifagia kwa ajili ya Velma. Akiugua tena hatalala peke yake, nitakuwa hapo mlangoni, apende asipende. Velma bado hajui kwamba yeye ni bingwa. Nitamweleza nikimpokea uwanja wa ndege.