Mchoyo wa Jua

Kuna wachoyo wa chumvi, kuna wachoyo wa sukari, na kuna wale wachoyo hata wa salamu. Eugen Häberle wa Schnaitwangen aliwapiku wote: alikuwa mchoyo wa jua!

Ndiyo, jua! Hili hili linalowamulika watu wote bure, wema na wabaya, ng'ombe na mawakili. Likishatua juu ya paa la Eugen, basi, limekuwa mali ya Eugen.

Sisi Waswabia, watu wa kusini mwa Ujerumani, hatupendi kupoteza kitu, hilo tunakubali wenyewe. Karatasi ya zawadi ya Krismasi tunaipiga pasi, tunaikunja, inangoja Krismasi nyingine. Lakini Eugen alizidi. Alipostaafu kazi yake ya kuuza matairi, alitandika paneli za sola paa zima, hadi banda la kuku likapata yake. Akanunua na betri ndefu kama kabati, akaisimamisha kwenye chumba cha chini ya nyumba. Kila asubuhi alishuka kuijulia hali kabla hajamwamkia mkewe, Irmgard.

Kwenye simu yake kulikuwa na picha ya kijumba, na mshale mmoja. Mshale ukitazama ndani ya nyumba, Eugen alikuwa mtu wa kawaida kabisa, hata alicheka. Lakini betri ikishajaa na jua bado linawaka, mshale uligeuka ukatazama nje. Maana yake umeme wa ziada unaondoka zake kwenda kwenye nyaya za mtaa. Kampuni ya umeme ilimlipa, ndiyo, lakini malipo yenyewe ya kumtia mtu hasira tu. Hapo Eugen aliishika simu kama mtu anayeona maziwa yake yakimwagikia mtaroni.

Sasa, Jumamosi moja ya mwezi wa saba, Eugen alikuwa nje na ufagio. Kwetu Jumamosi kila mtu hufagia mbele ya mlango wake, na anayeacha jani moja husemwa mpaka Pasaka. Upande wa pili wa uzio alikuwa jirani yake, Bi Hedwig Nägele, mjane aliyewafundisha watoto wote wa kijiji kuogelea. Naye alikuwa akifagia, chini ya mcheri wake mkubwa.

"Jirani, asante kwa kahawa," alisema Bi Hedwig.

"Kahawa gani? Mimi sijakupa kahawa!"

"Umeme wako ukizidi si unakwenda kwa aliye karibu? Na aliye karibu ni nani kama si mimi? Basi asubuhi hii nimechemsha kahawa kwa jua lako. Tamu kweli! Nimeongeza na kikombe cha pili."

Loo! Eugen alibadilika rangi kuanzia shingoni. Maskini, usiku mzima alikuwa amelala vizuri, bila kujua kwamba watu wanachemshia kahawa jasho lake!

"Sikiliza, bibi wewe!" alifoka. "Kesho, kuanzia jua linachomoza mpaka linazama, umeme wangu hautavuka uzio huu. Hata tone! Wote nautumia mwenyewe!"

"Utauweza wapi, na jua la namna hii?"

"Nikiweza, unaukata huo mcheri wako! Kila jioni unaniwekea kivuli kwenye paneli zangu!"

"Na usipoweza?"

"Nitafagia mbele ya mlango wako mwaka mzima!"

Bi Hedwig aliutazama mti wake. Alikuwa ameupanda na marehemu mumewe mwaka waliooana, na kila majira ya joto alikula cheri zake akiwa amekaa pale pale walipokuwa wakikaa wawili. Lakini Eugen alikuwa amebetua mdomo kwa dharau, na mdomo ule haukuvumilika.

"Nimekubali," alisema. "Irmgard ni shahidi."

"Mimi sitaki ushahidi," alisema Irmgard kutoka dirishani, "ila nimesikia."

Jioni ile Irmgard alimpa mumewe ushauri mmoja, na ulikuwa wa bure. "Eugen, si uitumie betri usiku huu, ili kesho iwe na nafasi?"

"Niitumie?" Eugen alimshangaa. "Nishinde nikiijaza halafu niimalize? Betri iliyojaa ndiyo heshima ya nyumba!"

Akazima taa, wakala mkate na soseji gizani.

Jumapili ikaingia bila wingu hata la dawa. Irmgard hajarudi kutoka kanisani, betri imeshajaa pomoni, na mshale umeanza kutikisika. Eugen akajifunga aproni. Akawasha jiko, akasukuma ndani mikate ya kusuka kama nywele, na iliyofuata, na iliyofuata. Akajaza mashine ya kufulia mablanketi. Mablanketi yakaisha, akatia mapazia. Mapazia yakaisha, akafungua kabati la mkewe.

"Eugen!" Irmgard aliita akiwa mlangoni, kofia ya kanisani bado iko kichwani. "Hizo nguo nimezifua juzi!"

"Zitakuwa zimesahau. Wapi pasi?"

Pasi ikawashwa, na birika, na feni, na redio, na mti wa Krismasi ukatolewa darini na taa zake zote. Mshale bado unatikisika! Basi Eugen akafanya jambo ambalo hapa Schnaitwangen tutawasimulia wajukuu. Alivua nguo, akajifunga taulo, akaenda kuwasha sauna. Katika mwezi wa saba! Nje kuku wenyewe wamelala ubavu kwa joto, yeye anaingia ndani ya chumba cha mbao kujipika!

Alikaa humo amekuwa mwekundu kama kamba wa kuchemsha, simu ameiegemeza kwenye kioo cha mlango. Mshale ukatulia. Eugen akacheka peke yake.

Lakini sauna ina akili zake. Ikishapata moto wa kutosha, inajizima. Ikajizima! Mikate nayo ikawa imeiva, mashine ikawa imemaliza, na ule mshale ukaanza kugeuka pole pole, kama mgeni anayetafuta viatu vyake. Eugen akafungua mlango wa sauna joto litoke, ipate kuwaka tena. Joto likatoka, likajaa nyumba yote, mishumaa ya mezani ikainama. Mwenyewe akayumba, akashika ukuta.

"Utakufa, mwanaume wewe!" Irmgard alilia, na safari hii hakuwa anatania. "Utakufa kwa ajili ya kahawa ya jirani!"

"Siyo kahawa! Ni haki!"

Akachomoka na taulo lake mpaka gereji. Mle kulikuwa na msumeno wa umeme wa kupasulia kuni, mkubwa, unakula umeme kama nyumba tatu. Akauchomeka. Kidole kikafika kwenye swichi, na hapo hapo kidole kikaganda.

Jumapili! Saa ya mapumziko!

Kwetu Jumapili hakuna kukata majani, hakuna kutoboa ukuta, na adhuhuri hata mlango hufungwa kwa adabu. Na mlinzi mkuu wa utulivu huo, aliyejiteua mwenyewe, alikuwa nani? Eugen Häberle! Ndiye aliyemwitia polisi mtoto wa mwokaji mikate kwa kupiga ngoma siku ya kuzaliwa. Ndiye aliyemfuata mchungaji kumwuliza kwa nini kengele za kanisa zinapigwa Jumapili.

Akauangalia mshale. Akafumba macho. Akabonyeza.

Vuuuuuuuuu!

Madirisha ya mtaa mzima yakafunguka kwa pamoja! "Eugeeen! Leo siku gani?" "Nani kafa?" Mwokaji mikate ndiye aliyepaza sauti kuliko wote. "Mwanangu na kingoma chake ulimletea polisi! Wewe tukuletee jeshi?"

Eugen akazima. Akasimama katikati ya gereji, mkono mmoja simu, mkono mwingine taulo, na kila dirisha likimtazama. Mshale ulikuwa umebakiza kidogo tu kutazama nje. Machozi yalimlengalenga, kweli kabisa.

Ndipo sauti ikaja polepole kutoka chini ya mcheri.

"Jirani," alisema Bi Hedwig, huku akitema kokwa, "unatafuta kitu kinachokula umeme na kunyamaza?"

"Ndiyo! Chochote!"

"Mbona gari langu linanyamaza sana. Na leo lina njaa."

Gari lake la umeme lilikuwa limeegeshwa kando ya uzio, dogo, la kijani, waya wake unaning'inia. Eugen hakungoja kuambiwa mara mbili. Akavuta ekstensheni yake ndefu.

"Eugen, hebu fikiri kwanza!" Irmgard alipiga kelele.

"Wewe kaangalie mikate yako!"

Akaurusha waya juu ya uzio kwa mkono wake mwenyewe. Bi Hedwig akaudaka, akachomeka. Mshale ukatetemeka, ukarudi, ukatazama ndani ya nyumba, ukatulia tuli. Eugen akacheza mpaka taulo likaleta matatizo, na madirisha kadhaa yakafungwa.

Mchana kutwa gari likala, kimya kabisa. Jioni jua lilipozama nyuma ya kilima, Eugen alikuja na chaki, amevaa shati safi, akachora msalaba kwenye shina la mcheri.

"Kesho naleta msumeno," alisema. "Tazama simu. Hakuna hata tone lililotoka!"

Bi Hedwig aliufuta ule msalaba kwa kiganja, taratibu.

"Simu yako inaijua mita tu, haijui uzio. Jirani, gari langu liko upande gani?"

"Upande..." Eugen alitazama. "Upande wako."

"Na lile tumbo lake lililojaa, limejaa nini?"

Eugen aliufuata waya wake kwa macho mpaka juu ya uzio.

"Ulisema hautavuka uzio huu. Umeuvusha mwenyewe, kwa mkono wako, kwa waya wako. Na usiseme hakuna aliyeona, maana mtaa wote ulikuwa dirishani. Wewe ndiye uliyetuamsha!"

Eugen alimgeukia mkewe. Irmgard akasema, "Nilikwambia sitaki ushahidi."

Jumamosi iliyofuata palikuwa na jua la kupasua vigae. Eugen alikuwa chini ya mcheri na ufagio, akifagia cheri zilizodondoka, na kokwa walizotema ndege, na kokwa alizotema Bi Hedwig. Simu ilikuwa mfukoni ikitetemeka, mshale umetoka nje unakimbia, na mikono yake yote miwili ina kazi.

Gari dogo la kijani likatoka pole pole getini, Bi Hedwig kwenye usukani, linakwenda ziwani Konstanz kwa dada yake, limeshiba jua la Eugen. Kiti cha mbele alikaa Irmgard, miwani ya jua usoni, mkate wa kusuka mapajani.

Akashusha kioo.

"Eugen! Pale nyuma ya shina, umeacha jani!"