Zaka ya Kabichi

Suhaib hakuwa mwizi. Mwizi huvunja mlango. Suhaib alifunguliwa, akaandaliwa chai. Jumamosi moja ya baridi, sokoni Tottenham, aliwasikia akina mama wa Kizanzibari wakilalamika kwamba mboga za dukani hazina ladha, na zile zisizotiwa dawa hazishikiki bei. Kabla hawajamaliza kulalama, Suhaib tayari alikuwa na shamba.

"Lipo Essex," aliwaambia jioni ile, sebuleni kwa Bi Kijakazi, mtunza michango wao. "Organic tupu! Mnalipa mara moja tu, mimi kila wiki nawaletea kapu mlangoni mpaka baridi iishe. Kabichi, karoti, viazi. Bei ya kidugu."

Akawaonesha picha kwenye simu. Akina mama wakachanga palepale, na bahasha nene ikatua mapajani mwa Bi Kijakazi. Suhaib aliitazama kwa mahaba. Ilitosha kumfikisha Dubai, na huko nani angemuuliza habari za karoti?

"Mashallah," alisema Bi Kijakazi. "Utavuna kiasi gani, mwanangu?"

"Tani tano!" Uongo haupimwi kwenye mizani, basi Suhaib hakuona sababu ya kubania.

"Wamwagilia, au watumai mvua?"

"Mvua tu, Bi Kijakazi. Nchi hii mvua bwerere."

"Shamba la mvua, si zaka yake moja ya kumi?"

Suhaib aliitikia kwa kichwa kama kadhi. "Ndiyo hiyo hiyo."

"Basi nusu tani. Ilete hapa kwanza, kisha bahasha yako hii. Au tuje wenyewe tuvune? Mardhiya ana minibasi."

"Msijisumbue!" alisema Suhaib. "Nitaileta mwenyewe."

Usiku hakulala, akipiga hesabu. Asiyetia chambo havui. Asubuhi akaikomba akiba yake yote, aliyoichuma kwa waungwana wa Neasden kwa njia zisizosimulika, akakodi gari la mizigo na kwenda Essex kwenye shamba la kweli, la Mzungu wa kweli. Akanunua nusu tani ya mboga, akabeba magunia mwenyewe kwenye tope na mvua ya barafu. Ilikuwa kazi yake ya kwanza ya halali kwa miaka mingi, na mgongo wake haukuipenda hata kidogo.

Aliporudi, akina mama walikuwa wamejipanga na makapu yao. Punde gari likabaki tupu.

"Bahasha yangu, Bi Kijakazi?"

"Ya nini tena? Mboga tumeshapata. Pesa nimewarudishia wenyewe."

"Lakini hizi ni za zaka! Za maskini!"

"Kabichi haina zaka, mwanangu. Zaka ni ya mpunga, mahindi, tende, vitu vya kuweka ghalani. Mtoto yeyote wa chuo cha Kurani anajua hilo."

"Si wewe uliyesema?"

"Mimi niliuliza tu. Wewe ndiye uliyejibu." Akamtengenezea kola ya koti, kama mama anayemuaga mwanawe. "Na siku nyingine utafute picha nzuri zaidi. Essex, Desemba, na mkulima kavaa fulana?"

Suhaib angemshtaki kwa nani, na shamba akalioneshe wapi? Akapanda garini, akaokota karoti moja iliyobaki sakafuni, akaitafuna kwa hasira.

Ilikuwa tamu mno, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.