Ombi la Kuondolewa Kilatini Mlangoni Kwangu

Kwa Bwana Mwenyekiti wa Kamati ya Mtaa,

Nakusalimu kwa heshima inayostahili cheo chako, na kwa masikitiko kidogo yanayonihusu mimi mwenyewe, kwa kuwa nilikufundisha miaka minne na natambua sasa kwamba haikutosha.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa sarufi na insha. Nyumba yangu ni ile ya kona, mkabala na bucha, yenye chumba cha mbele nilichokitenga kwa masomo ya jioni. Naandika kuhusu azimio la kamati yako kwamba kila mlango wa biashara au huduma katika mtaa huu uwe na msemo wa Kilatini, na chini yake maana kwa Kiingereza, ili mtaa uonekane wa kimataifa. Asiyejua Kilatini sasa amepata nafasi ya kutoelewa mara mbili.

Kazi mlimpa mchora mabango, yule tunayemwita Brashi. Mkono wake ni mzuri, wala sina ugomvi na herufi zake. Ugomvi wangu ni utaratibu wake. Brashi ana orodha moja ya misemo, imepangwa kwa alfabeti, naye huigawa kama wagonjwa wanavyoitwa kwa daktari: anayefuata hupewa unaofuata. Hakuna kuchagua. Nilipomuuliza sababu, alinijibu akiwa juu ya ngazi, bila kushuka: "Mwalimu, foleni ni foleni. Hata bibi yangu mzaa mama akija leo atapewa ulio zamu."

Matunda ya foleni hiyo nayaorodhesha hapa chini, nikianza na madogo.

1. Zahanati ilitangulia, ikapata Ars longa, vita brevis. Sanaa ni ndefu, maisha ni mafupi. Sanaa haimhusu mgonjwa. Nusu ya pili inamhusu sana. Shemeji yangu, aliyekwenda kuonyesha mguu uliovimba, aliisoma tafsiri akiwa kwenye benchi, akavaa kiatu chake, akarudi nyumbani. "Wenyewe wamekiri mlangoni," aliniambia, "mimi nisubiri nini?" Mguu bado umevimba.

2. Seremala wa majeneza alipewa Carpe diem, yaani ikamate siku ya leo. Zamani alikuwa mtu wa haya, akikaa nyuma ya mbao zake hadi aitwe. Siku hizi husimama nje, huwaamkia wazee kwa uchangamfu, na juzi aliniuliza urefu wangu. Nilimjibu kwa sentimita, kwa sababu sina mazoea ya kuacha swali bila jibu.

3. Bucha ilipata Caveat emptor. Mnunuzi na ajihadhari. Mwenye bucha ndiye mtu pekee mtaani aliyemshukuru Brashi kwa machozi. Mteja akilalamika kwamba nusu ya kilo yake ni mfupa, yeye hainui sauti. Huinua kisu tu, akaelekeza juu ya mlango. "Mama, si ulionywa? Tena kwa lugha mbili!"

4. Ofisi yako mwenyewe, Bwana Mwenyekiti, ina Cui bono? Kwa faida ya nani? Sidhani kwamba uliisoma tafsiri kabla ya kukata utepe. Kikao cha mtaro wa maji machafu kilichukua saa tano, kwa sababu kila ulipopendekeza jambo, mtu mmoja alisimama, akanyoosha kidole mlangoni, akaketi. Mtaro haujachimbwa. Tunayaruka maji yaleyale, ila sasa tunayaruka kimataifa.

5. Mgahawa wa dada yangu ulipata De gustibus non est disputandum, ladha haibishaniwi. Tangu siku hiyo dada yangu ameacha kuonja mchuzi.

6. Nafika kwangu. Mlango wangu ulifuata ule wa dada yangu. Juu ya mlango wa chumba ambamo watu huja kujifunza kuandika bila makosa, kwa herufi nyekundu zenye urefu wa kiganja, pameandikwa Errare humanum est. Kukosea ni ubinadamu. Brashi alinieleza, kana kwamba ananifariji, kuwa msemo una nusu ya pili, ila mlango wangu ni mwembamba.

Wanafunzi wangu wote kumi na wanne waliisoma tafsiri jioni ileile. Fundi cherehani, mtu mzima mwenye wajukuu, nilimrudishia insha yenye makosa ishirini na mawili. Aliitazama insha, akautazama mlango, akaniuliza kwa upole: "Mwalimu, haya yote ishirini na mawili, si ubinadamu huu?" Darasa zima lilicheka. Wiki iliyofuata walikuja tisa. Jana walikuja watatu, na mmoja wao alikuwa amefuata mwavuli wake. Chumba hiki, Bwana Mwenyekiti, ndicho kilichobakiza ualimu wangu. Kikifungwa, nitakuwa mzee wa dirishani anayesahihisha mabango ya wapita njia.

7. Nilijaribu suluhu. Nilimwendea fundi viatu, aliyekuwa nyuma yangu katika foleni na kupata Festina lente, harakisha polepole, nikamwomba tubadilishane. Alisimama mbele ya bango lake kama mama mbele ya mtoto. "Mwalimu, humu ndani nina viatu vya watu tangu mwezi wa pili. Msemo huu ndio wakili wangu. Wewe nenda na wako kwa amani." Kwa hiyo mtaani mwetu mgonjwa anakimbia zahanati, jeneza linamkimbilia mzima, kiatu hakitoki kwa fundi, na wa kulaumiwa ni Warumi.

8. Utasema kwamba orodha ilitoka kwangu. Sikatai. Brashi alikuwa mwanafunzi wangu. Miaka thelathini na moja iliyopita alivunja kioo cha dirisha la darasa, nami nikamwadhibu kwa kumnakilisha kurasa za mwisho za kamusi, zenye misemo ya Kilatini, mara arobaini. Ndiyo maana ameihifadhi kichwani, na ndiyo maana mwandiko wake ni mzuri hata leo. Alilia akisema si yeye. Wote husema si wao. Katika miaka thelathini na minane ya kufundisha sikumwadhibu mtoto hata mmoja kimakosa, na mtu wa namna hiyo ndiye mliyemtundikia ubinadamu mlangoni.

Kwa hayo, naomba bango langu lishushwe kabla ya Jumatatu. Naomba pia ngazi ya Brashi ishikiliwe ofisini kwako. Wajumbe wote wa kamati wafanyiwe mtihani wa Kilatini, na atakayefaulu aeleze alikuwa wapi siku ya azimio. Mwisho, lugha yenyewe ipigwe marufuku mtaani. Wenyewe walioizungumza walikwisha zamani, nami sishangai. Watu hawawezi kuishi muda mrefu wakisomeshwa mambo kama hayo kila waingiapo dukani.

Nisalimie mkeo, na mama yako, ambaye hakukosa hata mkutano mmoja wa wazazi ingawa alikuwa na kila sababu, na wajumbe wote, na katibu wako, umwambie kwamba nukta bado zipo, hazijaisha.

Wako katika usahihi,

Mwalimu mstaafu wa nyumba ya kona

Nyongeza: Nilipofungua sanduku la vitabu kutafuta bahasha, nilikuta daftari langu la adhabu la mwaka ule. Jina la Brashi lipo, kioo kipo, mara arobaini zipo. Chini yake, kwa mwandiko wangu, siku mbili baadaye, nimeandika: "Mlinzi amethibitisha kuwa kioo kilivunjwa na upepo. Mwanafunzi aambiwe, adhabu ikome. Amefikisha mara kumi na nne." Ukurasa unaofuata una tiki yangu ya kupokea mara arobaini kamili. Nimetafuta hadi jalada la nyuma. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba aliambiwa.

Barua nimekwisha kuitia sahihi, na sina desturi ya kuchana kilichotiwa sahihi, kwa hiyo utaipokea. Lakini usiisome kikaoni, isipokuwa lalamiko la nne, ambalo linabaki kama lilivyo. Ngazi yake msiishikilie, ataihitaji. Kesho asubuhi nakwenda kwake mwenyewe, kwanza kumwambia habari ya kioo, kisha kumwomba aiandike ile nusu ya pili aliyoiacha. Naikumbuka vizuri, maana mimi ndiye niliyemnakilisha: na kung'ang'ania kosa ni ushetani. Mlango ni mwembamba, lakini ukuta upo.