Bakuli Halirudi Tupu

Minjila, Jumatatu, 2 Februari 2026

Assalamu alaikum, shajara yangu. Hujambo? Umelalaje humo chini ya godoro? Mimi mzima, alhamdulillahi, isipokuwa goti la kushoto na moyo.

Nimepata mgeni! Daktari Khairat, wa chuo kikuu Nairobi. Si daktari wa sindano. Nilishamwonyesha goti kabla hajanieleza. Kazi yake ni anthropolojia, yaani kukaa na watu na kuwauliza kwa nini wanafanya wanayoyafanya. Atalala kwangu mpaka Ramadhani iingie. Anataka kujua mila za majirani kupelekeana chakula. Nikamwambia amefika. Sisi watu wa Ozi, bakuli la jirani halirudi tupu. Hata chumvi utatia.

Sasa nikuambie la moyoni. Tangu marehemu Baba Waleed atangulie, nafuturu na redio. Redio haikwambii ongeza uji. Mwaka huu sitaki. Na hapo njia panda kuna Bwana Bulle, Msomali mwenye duka, amefiwa na mke, mpole, swala tano hazimpiti. Kila Ijumaa nampelekea wali wa nazi na samaki katika bakuli langu la maua ya waridi. Bakuli hurudi limejaa maziwa ya ngamia. Lakini aletaye ni dada yake, Fartun! Maziwa nimekunywa mpaka nahisi kuhama kutafuta malisho. Mwenyewe simwoni.

Mwanamke hajiposi. Lakini mila yaweza kumposea.

Jumanne, 3 Februari

Nimefanya. Tulikuwa tukipepeta mchele. Nikamwambia Khairat kwamba kwetu Ozi, mwanamume asiye na mke akimrudishia mjane bakuli kwa mkono wake mwenyewe, huyo ameposa. Khairat akaacha ungo, akashika kalamu. Akauliza ni ya tangu lini. Nikasema kongwe. Akasema lazima awaulize na wengine, akianza na Bwana Bulle. Vizuri! Bulle atajua njia, miguu anayo.

Usiku nimeleta istighfari. Kisha nikafikiri tena. Si uongo. Ni mila ambayo bado haijaanza.

Alhamisi, 5 Februari

Nimeibiwa! Khairat kamwendea Bushra, jirani yangu muuza vitumbua, mtu ambaye hajawahi kukiri kuwa hajui kitu. Mimi nyuma ya ua, nasikiliza. Bushra akasema alaa, mila hiyo kila mtoto anaijua! Tena ni ya kwao Kipini, Ozi wameiga tu. Na bakuli sharti lifunikwe kawa. Bila kawa, posa haihesabiki. Yeye ana kawa nzuri za ukili. Mimi ninayo moja, ukingo umeungua.

Haikutosha. Mzee Dukicha, Muorma mwenye ng'ombe wengi na meno machache, akasema Waorma ndio walioanza, kwa kibuyu cha maziwa. Waswahili wakaona, wakaiga, wakatia bakuli.

Nimekasirika mpaka chai imenipoa. Mila nimeitengeneza kwa mikono yangu Jumanne!

Jumamosi, 7 Februari

Baada ya magharibi, hodi. Nikajifukiza udi. Nachungulia: mzee Dukicha! Kikoi kipya, fimbo imepakwa mafuta, bakuli mkononi.

Nikamtuma Khairat aseme niko kwenye swala. Mzee akasema atangoja. Nikaswali sunna ambazo sikujua kama ninazo nguvu zake. Nikatoka, naye bado yupo. Nikalitazama bakuli. Si langu! La Bushra. Nikamshika mkono kwa furaha, nikamwonyesha mlango wa pili.

Kupitia ua nikamsikia Bushra akipiga kelele: "Mzee wangu, hili halina kawa! Halihesabiki hili! Rudi nalo!"

Nimelala nikicheka.

Jumatatu, 9 Februari

Sicheki tena. Wanaume wote wamesikia. Minjila nzima hakuna bakuli linalorudi! Wasio na wake wanaogopa. Wenye wake nao wanasema heri tahadhari. Fundi wa baiskeli ameyapanga mabakuli ya watu juu ya kabati kama vikombe vya mpira. Wanawake hatuna vyombo, na siku ya kuvunja jungu, ile karamu ya kukaribisha Ramadhani, inakuja. Tutavunja nini, na tutapakulia wapi? Bushra anauza vitumbua juu ya majani ya mgomba. Amenipigia kelele kwamba mila yetu ya Ozi imemmalizia vyombo. Nikamjibu kwamba nilidhani ni ya Kipini.

Khairat ana furaha ya mtu aliyejifungua pacha.

Na bakuli langu la waridi? Nimelipeleka Ijumaa kama kawaida. Halijarudi. Hata kwa mkono wa Fartun. Nimeharibu hata maziwa niliyokuwa nayo.

Ijumaa, 13 Februari

Shajara, kaa vizuri.

Baada ya swala ya Ijumaa wanaume walishauriana barazani pa msikiti. Wakasema Bulle ni Msomali, mila ya Waswahili na Waorma haimshiki, basi yeye arudishe vyombo vyote. Alasiri nikamwona anakuja na mkokoteni, mabakuli yanalia kama harusi. Mlango kwa mlango. Kwa mkono wake mwenyewe! Kwa mila yangu mimi, ameposa mtaa mzima. Bushra alipokea lake kwa leso mpya na wanja, kawa ameiweka juu mwenyewe papo hapo. Akanirushia juu ya ua: "Shoga, langu linahesabika!"

Kwangu akaja mwisho. Bakuli la waridi. Nikatazama ndani.

Tupu. Hata chumvi hamna.

Magoti yote mawili yakaniuma. Nikamuuliza kama ngamia wamekauka. Akaangalia makubazi yake miguuni. Akasema, nami nayaandika kama alivyoyasema: "Mama Waleed, mimi najua bakuli hairudi tupu. Lakini nikijaza, mimi na wewe tumemalizana. Mimi sitaki tumalizane. Mimi nataka kesho nirudi tena."

Akauliza walii wangu wa kuniozesha ni nani. Akasema mwaka mzima anamtuma Fartun aniulize hilo, lakini kila akifika mlangoni nampokonya bakuli na kumfungia. Kweli! Nilikuwa nikikasirika kwamba si kaka yake.

Nikasema ni ndugu yangu Nassir, wa Ozi. Nikaingia ndani. Nikalia ndani ya bakuli, lisikae tupu.

Jumanne, 17 Februari

Jungu limevunjwa. Nassir kaja na mchele mpya, kala, kakubali. Nikaha kesho baada ya adhuhuri, inshallah. Bushra hasemi nami, ila kaniletea vitumbua, na kawa juu. Mzee Dukicha hunirudishia kibuyu kila asubuhi, ambacho sikumpa.

Nilimkiria Khairat kwamba mila ile niliizua. Akacheka, akasema alijua tangu kwenye ungo, na kwamba kila mila ilianza na mtu mmoja mwenye shida. Sikuelewa sana. Nimeichukua kama ruhusa.

Maana jioni kaniuliza kuhusu desturi za maarusi wakati wa Ramadhani. Nikamwambia kwetu Ozi bwana arusi ndiye apikaye daku, mwezi mzima, na bibi arusi haamshwi mpaka chai iwe tayari. Akashika kalamu. Kesho asubuhi anakwenda kumuuliza Bulle.

Sasa nishauri, shajara yangu: niongeze na kuosha mabakuli, au hiyo itakuwa tamaa? Tafadhali nijibu upesi, kabla mwezi haujaandama.